Siri ya Mtungi: Bingwa wa Ndondi Akisimuliwa na Watu wa Nyumbani Mwake

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Methali hii imetumika sana katika insha zetu hata aghalabu tunaipita bila kuitafakari. Mtungi huonekana na kila apitaye barazani: umbo lake, ukubwa wake na nakshi zake. Kata peke yake ndiyo iingiayo ndani ikajua kama maji ni tele au yamebaki ya kulowesha kitako tu. Nimeikumbuka methali hii mara nyingi nilipokuwa nikisoma maisha ya mabondia mashuhuri, hasa yale yaliyosimuliwa na mama zao, ndugu zao, wake zao na watoto wao. Katika makala haya ningependa kumwalika msomaji tuitazame kata hiyo ikiwa kazini: inachota nini, inamwaga nini njiani, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu gani mbele yake.

Suala hili linanigusa mwenyewe. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa bondia. Jina lake halikuvuka mipaka ya nchi, lakini katika mtaa wetu lilitosha kumnyamazisha mlevi. Kwetu sisi watoto, ndondi hazikuwa habari za gazetini. Zilikuwa harufu ya dawa ya kuchua misuli, bendeji zilizoanikwa kambani pamoja na nepi, na sauti ya kamba ya kuruka iliyosikika uani kabla ya adhana ya alfajiri. Nilijifunza mapema kwamba bondia anayetazamwa ulingoni na bondia anayeishi na watu nyumbani ni watu wawili wanaotumia mwili mmoja.

Kumbukumbu rasmi za ulingo ni hesabu. Mathalani, Muhammad Ali alipigana mara 61 katika ndondi za kulipwa. Akashinda 56 na kushindwa 5. Alipata nishani ya dhahabu ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960, akamvua Sonny Liston ubingwa wa dunia mwaka 1964, akanyang'anywa ubingwa huo mwaka 1967 kwa kukataa kuandikishwa katika jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, kisha akaurejesha Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 kwa kumwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Mtu anaweza kuyakariri haya yote na asijue bingwa huyo alikuwa mtu wa namna gani alipokwisha kuvua glavu.

Watu wa nyumbani mwake walikuwa na masimulizi ya aina nyingine. Mama yake, Odessa Clay, alipenda kueleza kwamba mwanawe, aliyezaliwa Louisville katika jimbo la Kentucky tarehe 17 Januari 1942, alipokuwa mtoto mchanga alinyoosha mkono wake kwa ghafla, akampiga mamaye mdomoni na kumlegeza jino. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kulisikia simulizi hili asitabasamu, kwa kuwa analijua. Shujaa wa masimulizi huzaliwa na ishara. Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa Kongo, alizaliwa akiwa tayari anatembea na kuzungumza. Bingwa wa Louisville naye alizaliwa akiwa tayari anapiga.

Lakini tujiulize: ni watoto wangapi waliowahi kuwapiga mama zao mdomoni, wakakua wakawa makarani, makuli na wauza mboga? Mama zao hawakulisimulia jambo hilo kwa sababu hakuna aliyekuja kuwauliza. Ishara ya shujaa haionekani siku ya kuzaliwa kwake, bali hutafutwa siku ya ushindi wake katika kapu la kumbukumbu za mama. Sisemi kwamba mama huyo alidanganya. Jino huenda lililegea kweli. Ninachosema ni kwamba ushindi ndio uliolipa jino hilo maana, na kwamba msimulizi wa nyumbani, kama manju yeyote, hupanga matukio kwa kuutazama mwisho anaoujua.

Simulizi la ndugu ni tofauti. Rudolph Clay, ambaye baadaye aliitwa Rahaman Ali, alikuwa mdogo wa bingwa huyo, na yeye pia alikuwa bondia. Alieleza jinsi kaka yake alivyokuwa akimtaka amrushie mawe ili yeye ayakwepe. Tunaposoma habari za mapambano, tunastaajabia kichwa kilichoyumba nyuma kwa wepesi na ngumi iliyopita hewani. Simulizi la ndugu linatukumbusha kwamba nyuma ya wepesi huo palikuwa na mtoto mwingine aliyesimama uani akiokota mawe. Kumbukumbu za ulingo hazina safu ya mrusha mawe. Familia ndiyo iliyo nayo.

Watoto nao wana kata yao. Ali alikuwa na watoto tisa, wa mama mbalimbali, na kila mmoja alichota kutoka kina chake. Binti yake Hana alishirikiana naye kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2004, kisha akaandika kingine kilichotegemea kanda za sauti ambazo Ali mwenyewe alizirekodi nyumbani akizungumza na jamaa na marafiki. Fikiria, ewe msomaji: mtu aliyezungukwa na kamera za dunia nzima bado aliona haja ya kuweka kinasa sauti nyumbani mwake, kana kwamba alihofia kuwa yaliyosemwa sebuleni yangepotea. Binti mwingine, Laila, aliingia ulingoni mwaka 1999 ingawa baba yake hakupendezwa na uamuzi huo, akastaafu mwaka 2007 bila kushindwa hata mara moja. Baba aliyeupata utukufu wote wa ndondi hakutaka bintiye aufuate. Katika kusitasita huko kwa mzazi mna ukweli kuhusu ndondi ambao hauwezi kupatikana katika orodha yoyote ya mapambano.

Hatuna budi pia kuisikiliza nyumba ya pili. Kabla ya pambano lao la tarehe 1 Oktoba 1975 karibu na Manila, Ali alimkejeli Joe Frazier kwa kumfananisha na sokwe, na watu wakacheka. Familia ya Frazier imeeleza jinsi kejeli hizo zilivyowafuata watoto wao hata shuleni. Wasimulizi wa ndondi husema kuwa pambano hilo liliisha baada ya raundi ya 14, mkufunzi wa Frazier alipokataa kumwachilia bondia wake aingie raundi ya mwisho. Kwa watoto wa Frazier halikuisha siku hiyo. Mwezi Juni 2001, Laila Ali na Jacqui Frazier, mabinti wa mahasimu hao, walikutana ulingoni wenyewe, na Laila akashinda kwa pointi. Mla ndizi husahau, mtupa maganda hasahau.

Ali aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 42. Wataalamu wa tiba wamebishana kuhusu kiasi ambacho ngumi zilichangia. Dunia iliiona mikono yake ikitetemeka mjini Atlanta mwaka 1996 alipowasha mwenge wa Olimpiki, ikatokwa na machozi, kisha ikazima runinga. Mkewe Lonnie, aliyeolewa naye mwaka 1986, aliendelea kuiona mikono hiyo kila asubuhi hadi tarehe 3 Juni 2016, bingwa alipoaga dunia. Yule aliyekuwa mwepesi wa maneno kuliko wanamichezo wote wa zama zake, maneno yalimwia mazito, na waliobaki kumfasiria kwa walimwengu ni watu wa nyumbani mwake.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Fumo Liyongo. Sote tunamjua kupitia utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, na wengi wetu tumeandika majibu ya mtihani kuhusu ushujaa wake. Liyongo hakudhurika kwa mshale wala kwa mkuki. Silaha moja tu ndiyo iliyoweza kumuua, nayo ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo hakuipata adui yeyote vitani. Aliipata mwanawe mwenyewe kwa kumuuliza baba yake nyumbani. Fundisho la kawaida la kisa hiki ni usaliti wa mwana. Lakini kinatufundisha jambo jingine pia: aliye nyumbani ndiye ajuaye kitovu cha shujaa kiko wapi.

Nadhani hii ndiyo sababu familia za mabondia husimulia sana habari za mikanda na kidogo sana habari za maumivu. Kwao, kutaja udhaifu wa bingwa ni kama kumkabidhi mpita njia ile sindano. Tusiwahukumu haraka. Kunyamaza kwao mara nyingi si uongo, ni ulinzi. Swali langu ni hili: shujaa akishakufa, ukimya huo humlinda nani?

Nalileta swali hili nyumbani kwetu Kenya. Hapa pana uhusiano ambao wengi wameusahau. Mwezi Februari 1980 Muhammad Ali alizuru nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya, akiwa ametumwa na Rais Jimmy Carter kuzishawishi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan. Dar es Salaam alipokewa kwa maswali makali, na Mwalimu Nyerere hakukubali kumwona. Kenya iliunga mkono mgomo huo. Tayari ilikuwa imejiondoa katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, pamoja na mataifa mengi ya Afrika, kupinga uhusiano wa kimichezo kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Kwa hiyo bondia kama Stephen Muchoki, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mjini Belgrade mwaka 1978, hakuwa na Olimpiki ya kwenda katika miaka aliyokuwa kileleni. Bondia aliyeheshimiwa kuliko wote alikuja kwetu, na ujumbe aliouleta ulikuwa kwamba mabondia wetu wabaki nyumbani.

Hata hivyo nchi hii ilipata nishani saba za Olimpiki katika ndondi kati ya mwaka 1968 na 1988. Philip Waruinge alileta shaba kutoka Mexico mwaka 1968, pamoja na kombe la bondia mwenye ufundi bora zaidi wa mashindano hayo, kisha fedha kutoka Munich mwaka 1972. Kilele kilikuwa Seoul mwaka 1988, Robert Wangila alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, akawa Mkenya wa kwanza na hadi leo wa pekee kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi.

Wangila alikwenda Marekani kupigana ndondi za kulipwa. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzalez. Refa alilisimamisha pambano katika raundi ya tisa, na Wangila akalalamika kwamba alikuwa angali anaweza kuendelea. Muda mfupi baadaye alizirai, na tarehe 24 Julai akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 26. Hata kifo hakikumpa utulivu, kwani kulizuka mzozo kuhusu kama azikwe kwa taratibu za Kiislamu au za Kikristo. Wako waliomjua kwa sura moja na wako waliomjua kwa nyingine, na wote walikuwa watu wake. Hapa tunaona kwamba tunaposema "familia inasimulia", tunasema kana kwamba familia ina kinywa kimoja. Mtungi mmoja huweza kuwa na kata nyingi, na kila kata ikaapa kuwa yake ndiyo iliyofika chini.

Mambo haya yote yalinijia kwa pamoja mjomba alipofariki. Usiku wa kuamkia mazishi nilikabidhiwa kalamu niuandike wasifu wa marehemu, maadam mimi ndiye "mtu wa Kiswahili" katika ukoo. Wazee walinitajia mashindano aliyoshinda, wakabishana kuhusu miaka, wakakubaliana kuhusu mikanda. Mkaza mjomba alikuwa ameketi mkekani, kimya. Walipomaliza alisema, "Mwanangu, andika pia kwamba kwa miaka tisa nilimfunga vifungo vya shati. Na kwamba chai nilimtilia nusu kikombe, ili isimwagike akaona haya mbele ya wageni."

Mzee mmoja, ambaye kwangu ni babu, akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu," akaniambia, "wasifu ni sifa. Neno lenyewe linasema. Hayo ya vifungo yaache humu humu ndani."

"Mzee wangu," mkaza mjomba akajibu kwa upole, "ya mikanda magazeti yalishayasema. Haya ya vifungo nisipoyasema mimi, atayasema nani?"

Palikuwa na kimya kirefu. Kisha bondia mmoja mkongwe, aliyekuwa akifanya mazoezi na mjomba tangu ujanani, akasema kwamba wao waliujua mkono wa marehemu ukipiga tu, na kwamba huyu mama ndiye aliyeujua ukiwa umechoka. Babu akainama kidogo, akasema, "Basi aandike."

Niliyatafakari maneno ya babu kwa siku nyingi, kwa sababu yalikuwa na hoja ya kiisimu ndani yake. Ni kweli kwamba wasifu na sifa yana asili moja katika Kiarabu. Lakini asili hiyo inahusu kueleza kitu kilivyo, wala si kukitukuza tu. Kiswahili chenyewe kimeihifadhi maana hiyo pale tunapoitumia kila siku darasani: tunavyo vivumishi vya sifa, na miongoni mwavyo mna -zuri na -refu, lakini mna -baya, -bovu na -dhaifu pia. Hakuna mwalimu wa sarufi aliyewahi kuviondoa hivi vya pili ati kwa kuwa havisifu. Wasifu unaotaja nguvu peke yake ni kama sarufi iliyofuta nusu ya vivumishi vyake.

Tuliyaandika yote mawili, mikanda na vifungo. Niliyasoma mbele ya waombolezaji, na nilipofika kwenye nusu kikombe cha chai niliwaona watu wakiinamisha vichwa. Baada ya maziko, vijana watatu wa klabu ya ndondi ya mtaani walimwendea mkaza mjomba chini ya turubali. Niliwasikia wakimuuliza mikono ilianza lini kutetemeka, kama marehemu alikuwa akilalamika kichwa, kama alikuwa akisahau majina. Aliwajibu moja baada ya jingine, taratibu, kama mwalimu. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuwaeleza vijana hao mambo hayo. Wao walikuwa na mapambano yao Jumamosi iliyofuata.

Hilo ndilo jibu ninaloweza kulitoa kwa swali nililoliuliza hapo awali. Shujaa akiwa hai, kutaja kitovu chake ni usaliti. Akishakufa, kukificha hakumlindi tena, bali huwanyima elimu wanaoingia katika ulingo uleule. Katika utenzi wa Liyongo, baada ya kuchomwa sindano, shujaa alipiga goti karibu na kisima akiwa ameuvuta upinde wake, akafa katika hali hiyo. Watu walidhani yu hai, wakaogopa kwenda kuteka maji. Mama yake ndiye aliyethubutu kumkaribia na kumsihi, hadi ilipojulikana kwamba amekufa na njia ya kisimani ikafunguka. Mara nyingi tumemsoma mama huyo kama mhusika mdogo wa kusikitikiwa. Mimi sasa namsoma kama msimulizi wa kweli wa maisha ya bingwa: yeye ndiye aliyekaribia umbo lililoogopwa na wote, na kwa huzuni yake mji ukapata maji.

Ningependa kuwapendekezea wenzangu jambo moja. Mabondia waliovaa rangi za taifa letu katika miaka ya 1960 hadi ya 1980 wanazeeka, na wengine wametangulia mbele ya haki. Masimulizi ya nyumba zao hayajaandikwa, na machache yaliyoandikwa hayakuandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wao walitaniana na kufundishana nayo kumbini. Tunapotafuta mada za utafiti wa fasihi simulizi, tusisafiri mbali tu kutafuta visasili. Tubishe hodi katika nyumba hizi. Tusiulize kwanza ni nani aliyepigwa. Tuulize ni nani aliyefua bendeji, ni nani aliyerusha mawe, ni nani aliyefunga vifungo. Tusikilize zaidi ya kinywa kimoja, na pale watakapochagua kunyamaza tuheshimu ukimya huo na tuuandike kuwa ukimya, wala tusiujaze kwa ubunifu wetu. Mikanda itabaki ukutani, na hesabu za ulingo zitabaki zilivyo. Lakini mwenye kata hadumu milele, na akishaondoka, mtungi hauwezi kutueleza wenyewe ulikuwa na nini.